Mpwa Alipoomba Tulipu

Simu iliita Rysbek akiwa anamsugua farasi wake mgongo, na alipomaliza kuongea uso ulikuwa umemshuka.

"Mama Maira!" akaita kuelekea jikoni. "Yersain anakuja kesho."

"Aje tu," mkewe Ulbala akajibu kutoka ndani. "Unga upo, nyama ipo."

"Hujanielewa. Anakuja kudai haki yake."

Hapo Ulbala akatoka nje, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko.

Huku kwetu chini ya milima mpwa si mgeni wa kuchezea. Mtoto wa dada yako akija, akala nyama yako, akafuta mikono na kusema, "Mjomba, nataka kitu fulani," unampa. Ana ruhusa ya kuomba mara tatu katika maisha yake, na mara zote tatu mjomba hana mdomo wa kukataa. Ukikataa, dada yako atalia, ukoo wa shemeji yako utakusema mpaka kwenye misiba, na wazee watakwambia nyumba iliyomnyima mpwa haikai na baraka. Yersain alikuwa na miaka thelathini na kitu na hakuwahi kuomba hata kipande cha kamba. Sasa ameamua.

"Atamtaka huyu," Rysbek akasema, akamshika farasi shingoni kama vile mpwa ameshafika mlangoni.

Farasi mwenyewe alikuwa mwekundu, ana doa jeupe usoni, na alikuwa ameshinda mbio za wilaya mwaka uliopita. Tangu siku ile Rysbek hakuwa na habari nyingine. Mvua ikinyesha, farasi. Mtoto akizaliwa kwa jirani, farasi. Mke wake alilala na homa wiki nzima majira ya baridi, na yeye akawa anaingia chumbani kumsimulia jinsi farasi alivyokula vizuri. Wanaume bwana!

"Yersain anaendesha gari la bosi mjini," Ulbala akasema. "Farasi atamfungia wapi? Kwenye roshani?"

"Atampa bosi wake! Si unajua bosi kajenga? Sherehe ya nyumba mpya ni keshokutwa. Dereva akimpelekea bosi farasi kama huyu, keshokutwa si dereva tena, ni mkubwa fulani mwenye kiti." Akatema mate. "Kwa mgongo wangu mimi!"

Basi jioni ile ile akamfunga farasi hatamu, akampitisha uchochoroni mpaka kwa jirani yao Tanat, mwenye banda kubwa lenye mlango wa bati. Ulbala alimfuata mpaka getini.

"Aibu hiyo, Baba Maira. Mpwa hafichwi kitu."

"Aibu nitaibeba mimi. Wewe kanda unga wako."

Ulbala akarudi. Lakini hakwenda jikoni moja kwa moja. Alizunguka nyuma ya nyumba, kama alivyofanya kila jioni mwezi ule wa Aprili, kuangalia tulipu zake zinavyofunga maua yao jua likizama.

Zilikuwa kumi na moja. Nyekundu kali, kikombe cha ua kikubwa kuliko ngumi ya mtu mzima, ndani weusi chini kabisa, na majani yenye mistari ya zambarau kama yamechorwa na mtu mwenye mkono usiotulia. Si zile tulipu za dukani zinazouzwa kwenye ndoo siku ya wanawake. Hizi ni za mlimani, na si za mlima wowote. Zilitoka Kyzyltobe, kilima ambacho Ulbala alizaliwa miguuni pake. Kyzyltobe hakipo tena. Walikuja watu na mashine, wakataka mawe ya barabara, na kilima ambacho kila masika kilikuwa kinawaka wekundu toka juu mpaka chini kikaliwa kipande kwa kipande mpaka pakabaki shimo lenye maji ya kijani. Mwaka ule wa kwanza wa mashine, Ulbala alipanda basi, akapita kando ya walinzi kama bibi anayetafuta mbuzi wake, akakusanya mbegu kwenye kona ya kitambaa chake cha kichwa. Hizo ndizo zilizokuwa nyuma ya nyumba. Za kilima kile hapakuwa na nyingine duniani.

Na tulipu ya mlimani si kitu cha mtu mwenye haraka. Alizipanda vuli ili baridi izipige, maana mbegu isiyopigwa na baridi haiamki. Masika ya kwanza kila mbegu ilitoa jani moja tu, jembamba kama uzi. Masika ya pili, jani moja tena, nene kidogo. Na chini ya ardhi tunguu lake, dogo kama punje ya mchele, lilikuwa linajivuta kwenda chini mwaka hadi mwaka, mpaka likakaa kina cha mkono kufika kwenye kiwiko. Alizitilia changarawe, maana samadi inaziozesha. Aliweka waya wa kuzuia panya. Na kiangazi, maji yanapofunguliwa mferejini na watu wanatoana macho kugombea zamu, yeye alikuwa anaziba mfereji kwa udongo yasifike pale, kwa sababu tulipu ya mlimani hulala kiangazi kizima kwenye ukavu, na ukiimwagilia umeiua.

"Kijiji kizima kinalilia maji, mke wangu anayakataa," Rysbek alikuwa anawaambia watu. "Anafuga vumbi."

Wakacheka miaka saba. Mwaka huu zikachanua.

Na bado kazi ilikuwa haijaisha, hapo ndipo palipokuwa na roho ya Ulbala yote. Ua likidondoka, linabaki kitumba, na kitumba hicho kinahitaji mpaka mwezi wa sita kukauka na kupasuka. Ndani yake mbegu zimepangana kama sarafu, nyingi ajabu. Kumi na moja zingempa mbegu za kumwaga kwenye miteremko yote mitatu iliyobaki kando ya lile shimo. Yeye asingeishi kuyaona maua yale, umri ulikuwa umekwenda. Hilo halikumsumbua. Alichotaka ni mwezi wa sita tu. Afike mwezi wa sita.

Yersain akaja kesho yake mchana na gari jeupe la bosi, pamoja na vijana wawili marafiki zake. Kijana mnene, mchangamfu, mwenye kicheko cha kuamsha nyumba. Hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema, maana watu hupenda kusikia kwamba anayekuumiza ni shetani.

"Mjomba wangu! Mkaza mjomba wangu!" Akamkumbatia Ulbala mpaka akamnyanyua. "Unazidi kuwa kijana, wewe unakula nini?"

"Nakula masengenyo ya mjomba wako. Niteremshe, mgongo huo!"

Wakaketi. Nyama ya kondoo ililetwa juu ya vipande vya unga vilivyochemshwa, kichwa kikawekwa mbele ya Rysbek, naye akakata sikio akampa mpwa kama inavyopasa. Maziwa ya farasi yaliyochacha yakazunguka bakuli kwa bakuli. Yersain alikula kwa heshima zote. Kisha akaomba ruhusa akanawe, na kila mtu mezani alijua anakwenda kuangalia nini.

Akarudi amenuna kidogo.

"Mjomba, mbona banda tupu? Mwekundu yuko wapi?"

"Nimemuuza, mwanangu," Rysbek akasema bila kupepesa. "Mambo magumu. Nimelia kama mtoto."

Ulbala akainamia birika la chai. Aliona haya mpaka masikio yakapata moto.

"Aisee, pole mjomba." Yersain akakaa, akajikuna kidevu. "Kusema kweli nilikuja kwa ajili yake. Kesho bosi anahamia nyumba mpya, na mimi nimejisemea, Yersain, usiende mikono mitupu. Sasa sijui..." Halafu uso ukamchanua. "Ila ngoja! Nyuma ya nyumba nimeona maua. Yale mekundu ya mlimani!"

Birika lilikuwa mkononi mwa Ulbala. Akaliweka chini.

"Mke wa bosi anayalilia yale usiku na mchana," Yersain akaendelea. "Anataka bustani yake iwe nayo. Lakini nani atayachimba mlimani? Ni marufuku, wakikukamata faini yake utauza nyumba. Na haya yamo uani kwa mjomba wangu, hayana mlinzi wala nini! Mjomba, mimi ni mtoto wa dada yako. Sijawahi kukuomba kitu. Naomba yale maua, yote."

Rysbek alicheka. Kicheko cha mtu aliyekuwa amejiandaa kukatwa mguu akaambiwa avue kiatu.

"Hayo tu? Majani? Chukua, mwanangu! Chukua na udongo wake! Yawe na heri!"

Hakumtazama hata mkewe. Lile neno likatoka, na vijana wawili wakapiga makofi.

"Baba Maira," Ulbala akasema.

"Nini?"

"Yale si yako."

Rysbek akatabasamu kuwaelekea wageni, tabasamu la kuomba radhi kwa niaba ya mwanamke.

"Uwanja ni wa nani? Nyumba ya nani? Mke wangu ana utani sana."

Ulbala akamgeukia Yersain. Akateremsha sauti, maana alijua akipandisha ameshindwa.

"Mwanangu, sikukatalii. Mimi ni nani nikukatalie? Ila nisikilize. Ukiichimba tulipu wakati ina ua, imekufa. Sasa hivi ndiyo inajaza tunguu lake, inaweka akiba ya mwaka mzima. Subiri mwezi wa sita, majani yakauke. Nitazichimba mwenyewe kwa mikono yangu, nikuletee mpaka mlangoni kwa bosi wako, nimwoneshe na pa kuzipanda. Mimi niachie mbegu tu. Mbegu peke yake."

"Mkaza mjomba, mwezi wa sita?" Yersain alishangaa kweli. "Sherehe ni kesho! Sasa nimpelekee nini, vitunguu kwenye mfuko? Si atadhani namtuma akapike?"

Vijana wakacheka, Rysbek akacheka kuliko wote.

"Zitakufa, Yersain. Kwa wiki moja zitakuwa zimekufa zote."

"Bosi ana mtunza bustani aliyesomea," Yersain akamtuliza. "Usiogope, zitapata matunzo kuliko hapa. Pale kuna mipira ya maji inamwagilia yenyewe kutwa kucha!"

Mungu wangu. Ulbala akatoka nje.

Alisimama uani. Kwa kweli alichosikia wakati ule hakikuwa huzuni bado. Alikuwa na hasira, hasira kavu na safi, na hesabu yake ilikuwa nyepesi: mpwa alikuja kwa ajili ya farasi. Angemkuta farasi, angeondoka na farasi, na maua asingeyatazama mara mbili. Miaka saba yake ilikuwa inachimbwa ili mzee mmoja abaki na kitu cha kujigambia. Basi sawa. Akajifunga vizuri kitambaa cha kichwa, akapita uchochoroni mpaka kwa Tanat, akasukuma ule mlango wa bati.

"We Ulbala, mzee wako amesema asitolewe!" Tanat akapiga kelele kutoka barazani.

"Mzee wangu amesema mengi leo."

Akarudi akimkokota farasi kwa hatamu, katikati ya uchochoro, mchana kweupe, na majirani wakatoka kwenye mageti. Wakati huo wanaume walikuwa wameshatoka kwenda nyuma ya nyumba na majembe mawili. Rysbek alipomwona farasi, akapunga mkono kumrudisha.

"Yersain," Ulbala akasema, sauti ikasikika mpaka nje. "Huyu hapa farasi wa mjomba wako. Hakuuzwa, alifichwa. Ulikuja kwa ajili yake, mchukue, ni haki yako. Lakini yaache maua yangu."

Rysbek alikuwa mwekundu kuliko farasi mwenyewe. Hata Yersain kicheko kilimwishia. Alimtazama mjomba wake, akatazama chini, akapangusa mikono kwenye suruali. Aliona aibu kwa niaba ya mzee yule, na Ulbala, alipoiona aibu ile, alijua kwamba ameshinda.

"Mjomba," Yersain akasema taratibu. "Ungeniambia tu. Ningekuomba kingine."

"Mimi... mwanangu... alikuwa na kidonda..."

"Basi, basi. Yamekwisha. Mimi na wewe hatutagombana kwa mnyama." Na hapo uchangamfu ukamrudia, akampiga farasi kofi la shavu. "Mkaza mjomba, Mungu akupe maisha marefu! Mwanamke mwenye ukweli hivi sijamwona. Nakubali. Hili liwe ombi langu la pili. Nachukua na farasi."

"Na?" Ulbala akasema. "Si na. Badala ya."

"Aa, hapana." Alimweleza kwa upole, kama unavyomweleza mtoto. "Maua nimeshayaomba, mjomba ameshayatoa, na baraka zimeshasemwa. Kilichotolewa kwa mpwa hakirudi nyumbani, ni mkosi, unajua mwenyewe. Mnataka mje mlaumiane mtu akiugua? Sitaki kuwaletea hayo. Yale ni ya kwanza, huyu wa pili."

Ulbala alikuwa anajua, ndiyo. Angekuwa ni mtoto wake anamdai kaka yake yeye, angesema maneno yale yale. Majirani waliokuwa getini wakatikisa vichwa kukubali. Mila ni mila.

Wakachimba. Vijana wa mjini, hawajui jembe, wanakita palipo karibu na shina na kuinua. Tunguu la kwanza lilitoka limekatwa katikati, jeupe ndani kama nazi, linatoa maji. La pili hivyo hivyo. Ulbala alipiga magoti kwenye changarawe, akaanza kuwaelekeza, jamani nendeni chini zaidi, anzieni mbali, maana mikono yake haikuweza kuvumilia kuona kazi inafanywa vibaya hata kama ni ya kumzika yeye. Baada ya hapo tatu zilitoka nzima. Nyingine zilikatika shingo.

Zilipobaki mbili, akashika mguu wa suruali ya Yersain.

"Niachie moja. Moja tu, mwanangu. Nakuomba."

Yersain akaguswa. Kila aliyekuwepo atakwambia kwamba aliguswa, macho yalimlowa.

"Mkaza mjomba! Kwani ungesema tu, ningekunyima?"

Akachagua ua lililo kubwa kuliko yote, lile la kona, lililowahi kuchanua kabla ya wenzake. Akatoa kisu mfukoni, akalikata bua chini kabisa, akamchomekea Ulbala kwenye kitambaa cha kichwa, juu ya sikio. Kisha akambusu kwenye paji la uso, na watu getini wakapiga makofi, mwanamke mmoja akapiga hata kigelegele. Chini ya kile kibua kilichokatwa kijana wa jembe akachimba, akatoa tunguu, akalitupa kwenye ndoo pamoja na mengine.

"Sema kitu, Mama Maira," Rysbek akanong'ona kwa meno yaliyofungwa. "Watu wanaangalia."

"Asante, mwanangu," Ulbala akasema.

Gari likaondoka na ndoo mbili nyuma, na kijana mmoja amempanda farasi. Rysbek hakusema na mkewe siku ile wala iliyofuata. Alipoanza kusema, alisema na ukuta: kwamba kuna watu humu ndani wamemvua nguo mbele ya ukoo, kwamba kuna watu wamegawa mali ya mwenzao kwa sababu ya majani. Ulbala alimsikia. Alikuwa na la kumjibu, tena zuri, lakini lingemgharimu pumzi.

Habari zilifika kutoka kwa dada yake Rysbek kwenye simu, naye alizitaja katikati ya mambo mengine. Bosi amempenda farasi mno, Yersain amepandishwa cheo. Yale maua? Ah, yale yalisinyaa, mtunza bustani ameshapanda mawaridi.

Majirani wakaja. Huku kwetu mtu akipoteza mnyama kama yule hakai peke yake. Walikuja wanne watano kwa wakati mmoja, na mikate, na sukari, wakaketi na Rysbek wakamsimulia mbio za mwaka jana kona kwa kona, jinsi mwekundu alivyompita yule mweusi wa kijiji cha juu mita chache kabla ya mwisho. Rysbek alilia, na wanaume wakamshika bega. Ulbala alikaanga maandazi, akapitisha vikombe, akarudi jikoni, akatoka tena. Nyuma ya nyumba pale palipochimbwa mtu alikuwa ameegesha baiskeli yake.

Mke wa Tanat, mama mwenye moyo mzuri, aliona kwamba Ulbala haongei. Akamvuta akae karibu yake, akaushika mkono wake uliopasukapasuka kwa changarawe, akaupapasa.

"Pole, shoga yangu," akasema. "Pole sana kwa farasi."

"Nimeshapoa," Ulbala akajibu, akamwongeza chai.